Hodi Kwanza, Waraka Baadaye

 

Alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, baada ya sala ya alasiri, akakaa kitako mbele yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni na juzuu mapajani, akaniuliza: "Maalim, wewe huandika na watu wakasoma. Mimi naandika na hakuna asomaye. Nifanyeje?" Nikamuuliza anaandika nini. Akaniambia anaandika khabari za majahazi na mashua, namna yalivyoundwa, mbao zake, mafundi wake, na pepo za kaskazi na kusi zilivyokuwa zikiyaleta na kuyarejesha. Akanionyesha katika simu yake. Nikasoma, nikaona ni kazi ya mtu aliyehangaika hasa. Ameandika makala thalathini, na wasomaji wake, kwa hisabu yake mwenyewe, ni kumi na mmoja, na katika hao watatu ni dada zake.

Nilitaka kumjibu pale pale, lakini nikaona jawabu lake ni refu, na tena si lake peke yake. Siku hizi nyumba zetu nyingi zina mtu anayeandika. Binti anaandika mapishi, kaka anaandika mashairi ya arusi, ami anaandika nasaba ya ukoo. Wote wanataka kusomwa, na si aibu kutaka kusomwa; mwenye kupika sufuria zima hataki kula peke yake. Walakin njia ya kupata wasomaji mimi niliiendea kwa upande usio, na nikamuumiza mtu. Kwa hivyo nakusimulia ilivyokuwa, ijapokuwa iko sehemu ambayo hainipendezi kuisimulia.

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na kazi hii nimeifanya tangu ujana wangu. Mwaka 2017 nilianza kuandika waraka mdogo kila Ijumaa, kurasa mbili tu, mbele na nyuma, juu ya mambo ya nyumbani: malezi, madeni, ujirani, ndoa, mirathi. Nilikuwa nikitoa nakala sitini kwa fedha zangu na kuziweka mlangoni mwa msikiti. Baada ya sala zilikuwa zikiisha zote, nami nikarudi nyumbani kifua mbele. Ijumaa ya tatu au ya nne nikapita kwa mwuza njugu wa pembeni, nikaona amekunja vikaratasi vyake vya kutilia njugu, na khati ile naijua. Alikuwa akituma kijana kuchukua nakala ishirini kila wiki. Na waraka wangu juu kabisa una Bismillahi. Basi nikamnunulia njugu zote za siku ile pamoja na karatasi zake, na watoto wa madrasa wakala njugu siku mbili. Yule bwana hakuwa na ubaya. Aliona karatasi zinatolewa bure, hakuna anayeuliza nani amezichukua wala kwa nini.

Laiti ningalifahamu somo lile pale pale, nisingalifika nilikofika baadaye.

Mjukuu wangu akaniambia, "Babu, karatasi zimepitwa. Tia katika simu." Akanifundisha. Nami nilikuwa nimeshaingizwa katika makundi ya WhatsApp tisa bila ya kujua vizuri nimeingiaje: kundi la msikiti, la ukoo, la wanafunzi wa zamani, la kamati ya arusi ambayo imeshapita na maharusi wana mtoto, la mtaa ninaokaa hapa Mji wa Kale, na la mtaa niliozaliwa, ng'ambo ya kivuko, Likoni. Wewe pia, ndugu msomaji, yamkini unayo yako. Kundi moja tangu mwaka 2022 laweza kuwa na watu hadi 1,024. Nikapiga hisabu ya makundi yangu yote nikapata watu elfu moja na mia nne kasoro kidogo. Kutoka nakala sitini, na ishirini katika hizo zimekuwa za njugu, hadi watu elfu moja na mia nne! Basi kila Ijumaa baada ya alfajiri nikawa natuma waraka wangu, kundi baada ya kundi. Simu hairuhusu kuupitisha ujumbe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na ndivyo ulivyo mtandao huo duniani kote tangu Januari 2019. Nami nilikuwa nikiona uzito nikikatizwa, nikituma matano, kisha manne.

Watu hawakujibu kitu. Mmoja wawili walikuwa wakiweka dole gumba, na mara nyingi ni wale wale. Mimi nikajiambia wanasoma kimya. Nikafika kuamka usiku kwa nia ya kusali, na mkono ukaenda kwenye simu kabla ya kwenda kwenye maji ya udhu, nione nani ameufungua waraka na nani hajaufungua. Hili sijapata kumwambia mtu, na leo nimeliandika.

Sasa sikiliza khabari ya Ijumaa moja mwishoni mwa mwaka 2022. Usiku wa kuamkia siku ile, baada ya isha, katika lile kundi la Likoni ilitolewa khabari ya msiba. Amefariki mzee mmoja tuliyekua naye, mtu wangu wa utotoni, tuliogelea pamoja na tukapigwa pamoja kwa sababu ya kuogelea. Ameacha wake wawili na watoto wa kila upande. Mazishi asubuhi, saa nne. Watu wakaandika taazia mmoja baada ya mmoja usiku ule, na wengine wakapanga nani atapika, nani ataleta mikeka, nani atakwenda kaburini mapema. Mimi sikuona hata neno moja. Nililala mapema, na asubuhi nilipoifungua simu sikuifungua kusoma, niliifungua kutuma. Nikaweka waraka wangu chini ya taazia zile bila ya kuangalia juu kuna nini, nikatoka nikaenda zangu madrasa.

Na waraka wa Ijumaa ile ulikuwa juu ya mirathi. Kichwa chake kilikuwa: Mirathi Isicheleweshwe. Ulisema kwamba maiti akishazikwa, madeni yake yalipwe, wasia wake utekelezwe, kisha mali igawanywe, wala asikae mkubwa wa nyumba na funguo mfukoni akawanyima haki mayatima na wajane.

Baada ya sala ya Ijumaa nikakutana na mtu aliyetoka ng'ambo. Akanipa mkono, akaniambia neno ambalo hata leo nalisikia: "Maalim, waraka wako tumeuona asubuhi. Wewe hatukukuona."

Nikarudi nyumbani nikasoma kundi lile kutoka juu hadi chini. Miguu iliniisha nguvu. Jioni nikavuka kivuko, nikaenda kwa wafiwa. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye nilimsomesha mimi mwenyewe alifu na bee, alinipokea kwa adabu, akanipa kahawa, akakaa. Nikamwambia nimekosa, sikuona khabari, nimetuma kama nitumavyo kila wiki. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, sisi watoto wa mama wawili. Watu wanajua kuna maneno kati yetu tangu baba yu hai. Alfajiri ile, baba bado hajaoshwa, waraka wako umesomwa nyumba nzima. Ndugu zangu wamedhani mimi nasemwa. Na mimi nimedhani wao wamekwenda kwako." Nikamuapia kwamba sivyo. Akasema, "Nimekusadiki, Maalim. Lakini hujapiga hodi." Akaniongezea kahawa, hakuniambia jingine.

Nilivuka kurudi usiku. Katika feri watu wamejaa, kila mmoja uso wake unang'aa kwa simu yake, na mimi nikiwaangalia nikajiuliza ni wangapi katika hao elfu na mia nne waliokuwa wakiushusha waraka wangu kwa kidole kama mtu anavyosukuma jani lililomwangukia begani.

Ndugu msomaji, adabu ya kupiga hodi tunaisomesha watoto wadogo. Iko katika Suratin Nur, na kisa chake mashuhuri ni cha Abu Musa al-Ash'ari na Sayyidna Umar, Mungu awe radhi nao. Abu Musa alibisha kwa Umar mara tatu, hakupewa idhini, akageuka akaenda zake. Umar alipomuuliza kwa nini ameondoka, akamwambia kwamba Mtume (S.A.W.) ameamrisha hivyo, mtu akibisha mara tatu asipokaribishwa arejee. Umar akamtaka shahidi, na aliyesimama kushuhudia ni Abu Said al-Khudri, aliyekuwa mdogo katika waliokuwapo. Kisa hiki nimekisomesha mara nisizozijua idadi. Walakin nilidhani hodi ni ya mlango wa mbao. Sikufikiri kwamba kundi la watu, waliokusanyika kwa sababu yao wenyewe, wana mazungumzo yao na huzuni zao, ni nyumba vile vile, na mimi nilikuwa nikiingia kila Ijumaa na karatasi mkononi, naitupa, natoka.

Ajabu ni kwamba wenye kutengeneza mtandao ule, ambao hawakuvisoma vitabu vyetu, wamelazimika kuijengea adabu hiyo mlango wake. Mwaka 2019 waliweka njia ya mtu kuchagua nani anaweza kumtia katika kundi. Mwezi wa Aprili 2020 wakaamua kwamba ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi, ule wenye alama ya mishale miwili, hauendi ila kwa mmoja kwa wakati. Na tangu Agosti 2022 mtu anaweza kutoka katika kundi kimya kimya, asijue ila msimamizi. Hili la mwisho linihusu mimi. Nilimuuliza msimamizi wa kundi moja, naye ni mtu wa kweli, akaniambia baada ya kuvuta pumzi kwamba watu kadhaa wametoka, na wawili walimwambia ni kwa sababu ya ujumbe mrefu wa kila Ijumaa. Yeye aliona haya kuniambia kwa sababu mimi ni mwalimu wa baba yake.

Tafadhali, wewe mwenye heshima katika mtaa wako, lizingatie hili. Watu hawatakwambia. Heshima yako ndiyo itakayokuziba masikio.

Katika siku zile nilirejea kusoma khabari za marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa hapa. Zamani nilikuwa nikisoma alichokiandika. Safari hii nilitazama kilifikaje kwa watu. Yeye alizaliwa mwaka 1891 na akafariki 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili, na baadhi ya makala zake zikakusanywa baadaye katika kitabu Uwongozi. Watu wengi wa wakati wake hawakuwa na mazoea ya gazeti la Kiswahili lililoandikwa na mwenzao wa mji ule ule, na maneno yake mengine yalikuwa machungu, kwani alikuwa akiwakemea kwa israfu za arusi na matanga na kwa uvivu wa elimu. Alipataje kusomwa? Nimeona kwamba karatasi ile haikutangulia. Aliyetangulia ni mtu mwenyewe. Alikuwa akisomesha, watu wakimjua uso na sauti, na wenye kesi zao walikuja kumwona ndiye Kadhi wa Mombasa tangu 1932, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937. Mtu alipoishika karatasi yake alikuwa ameshika maneno ya mtu aliyemjua.

Na yeye mwenyewe alikuwa msomaji wa Al-Manar, gazeti alilolianzisha Sheikh Rashid Rida mjini Cairo mwaka 1898. Cairo ni mbali, na hapana mtu wa Mombasa aliyekuwa akikutana na Rashid Rida njiani. Lakini gazeti lile lilikuwa na jambo moja kubwa: tangu mwaka 1903 lilikuwa na mlango wa masuali na fatwa, wasomaji wa miji ya mbali wakiandika wanachokitaka kujua, na mhariri akiwajibu mbele ya wote. Mtu aliyeuliza suali na kujibiwa, gazeti lile lilikuwa lake. Angelisoma kila likija, na angewasomea wenziwe. Baadaye mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akatoa Sauti ya Haki hapa Mombasa kuanzia 1972, na sisi tuliokuwa watoto tukakua katika mji uliozoea karatasi za namna hiyo.

Mimi nakumbuka zilivyosomwa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, na wazee wengine wa barazani walisoma khati za Kiarabu vizuri sana walakin hizi za Kizungu ziliwatatiza, au macho yalikuwa hayaoni tena. Basi huitwa mtoto wa chuoni: "Njoo, mwanangu, tusomee." Unasimama, unasoma, na mwuza kahawa amenyamazisha vikombe vyake. Ukikosea neno unakemewa. Ukifika mahali penye mas-ala wanakusimamisha, wanabishana, mmoja anakwenda nyumbani kuleta kitabu, na wewe umesimama umeshika karatasi, mguu mmoja unawasha. Nakala moja ilikuwa ikisomwa na watu kumi na watano, na kesho yake mtaa mzima unaijua. Hapana aliyeitupa barazani akaenda zake. Aliyeileta alikuwa ni mmoja wao, amekaa nao, anakunywa nao kahawa, na alikuwa tayari kuulizwa.

Nikaona kumbe mimi nilikuwa nimesahau baraza.

Basi nikafanya hivi. Kwanza nikaacha kutuma, miezi sita. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa ukiniwasha. Nilidhani watu watauliza waraka uko wapi. Waliouliza ni wanne. Wanne katika elfu moja na mia nne, ndugu msomaji! Nililia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikawaandika majina yao katika daftari, kwani hao ndio waliokuwa wasomaji wangu wote tangu mwanzo.

Makundi manne nikayaaga kwa salama, nikitoa udhuru, kwa sababu sikuwa na haja ndani yake wala wao hawakuwa na haja na mimi. Yaliyobaki nikakaa ndani yake kama mtu akaavyo barazani. Nikawa nasoma khabari za watu. Mtoto wa fulani amefaulu, nampongeza. Fulani amelazwa, naenda kumtazama kwa miguu yangu, siandiki dua kwenye simu tu nikaona nimemaliza. Ukiifunga, haki za Muislamu juu ya mwenziwe zile zilizopokewa na Abu Hurayra, kumsalimu, kumwitika, kumnasihi, kumwombea akipiga chafya, kumzuru akiugua na kulifuata jeneza lake, utaona kwamba kumpelekea makala hakumo. Kumnasihi kumo, lakini hilo ni pale akikutaka nasaha. Na msiba ukitokea, nikakumbuka aliyoyaamrisha Mtume (S.A.W.) khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib ilipofika, kwamba watu wake wapikiwe chakula, kwani wameshughulishwa. Sikuyaona haya kuwa ni hila ya kupata wasomaji, na kama ningaliyaona hivyo yangalikuwa hayana maana. Nilikuwa nalipa deni.

Mwezi wa saba hivi, mama mmoja katika kundi la ukoo aliuliza suali juu ya deni la marehemu mumewe, dukani, ambalo mwenye duka analo daftarini na yeye hana khabari nalo. Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema, "Maalim yumo humu, tumngojeeni." Nikajibu kwa maneno machache, nikamwambia njoo na daftari tuangalie pamoja. Baadaye mwengine akaniandikia peke yangu: Maalim, hukuwa na waraka juu ya madeni? Nipelekee. Nikampelekea. Huyo akampa dadake. Siku ile ndipo nilipoanza upya.

Sasa waraka wangu nautuma kwa orodha, si kwa makundi. Na orodha ya mtandao ule ina sharti moja ninalolipenda sana: ujumbe wake haumfikii ila mtu aliyeihifadhi nambari yako katika simu yake. Hata ukimtia katika orodha, kama yeye hakukuweka, hupati kitu. Yaani mlango uko upande wake na komeo liko kwake. Nilianza na wale wanne. Leo ni watu mia mbili na kumi na wawili, na wengi wao najua nilikutana nao wapi na kwa suali gani. Wananijibu. Mwengine hunijibu kwa sauti, akiwa jikoni, nasikia mchuzi unachemka.

Na wananisahihisha. Nilipouandika upya ule waraka wa mirathi, kalamu iliteleza nikaandika kwamba marehemu akiacha watoto, wake zake hupata thumuni kila mmoja. Saa haikupita, bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa skuli akaniandikia: "Maalim, samahani. Wake wawili wakichukua thumuni kila mmoja, itakuwa robo nzima. Si hugawana thumuni moja?" Hakika ni hivyo, hugawana moja, wawe wawili au wanne. Nilitaka kulisahihisha chini chini. Nafsi ikaniambia, mwalimu wa miaka yote hii! Lakini watu wakitumia hisabu yangu, mjane mmoja angezidishiwa na watoto wakapunguziwa. Ijumaa iliyofuata nikaandika juu kabisa, kabla ya kitu chochote, kwamba nimekosea na nimesahihishwa na msomaji. Nilidhani nitapoteza watu. Wiki ile masuali yalikuja mengi kuliko wiki zote. Ukiniuliza faida ya kuwa na wasomaji mia mbili wanaokujua, nitakwambia ni hii: wale elfu na mia nne wasingalinisahihisha kamwe.

Kwa hivyo kijana wangu wa majahazi nilimwambia asiwatupie watu makala zake. Nikamuuliza, wapendao khabari za vyombo wamekusanyika wapi hivi sasa, kabla hujawaita wewe? Akafikiri akasema mafundi wana kundi lao, na wako manahodha wastaafu wanaokaa pwani ya bandari ya kale jioni, na wako vijana wa mashindano ya ngalawa. Nikamwambia nenda ukakae nao. Bisha hodi kwa msimamizi, sema wewe ni nani na unataka nini. Kisha kaa mwezi, miwili, hujataja makala yako. Sikiliza wanavyobishana juu ya mbao gani hazili maji. Utajua umekosea wapi katika makala thalathini zile, na yamkini utaziandika upya nusu yake. Mzee akisimulia jambo, mwombe ruhusa uliandike, na ukishaliandika mrudishie yeye kwanza, umsomee, akukosoe. Huyo atakuwa msomaji wako mpaka kufa, na atawaambia wanawe. Ukiulizwa kitu ukakijua, jibu pale pale kwa faida ya muulizaji, usimwambie nenda kasome nilikoandika. Akitaka zaidi atakuuliza mwenyewe.

Akaniambia, "Maalim, hiyo itachukua miaka." Nikamwambia jahazi huchukua muda gani kuundwa? Akanyamaza, kwani yeye ndiye aliyeliandika hilo.

Nikamwonya pia juu ya kuhesabu. Mimi ni mgonjwa niliyepona nusu, na hadithi ya nia aliyoipokea Sayyidna Umar, ile ambayo Imam Bukhari ameifungulia Sahihi yake, siku hizi naisoma kila Alkhamisi usiku kabla sijashika kalamu. Simu nimeiweka chumba cha pili nilalapo. Mjukuu wangu amenitolea na zile alama za kuonyesha nani amesoma.

Kuhusu mtoto wa marehemu, tulikuwa tukisalimiana. Nilihudhuria arusi ya binti yake, nikaketi nyuma. Hakuwa katika orodha yangu na mimi sikumtia. Mwaka 2024, siku ya Jumanne, niliona nambari yake katika simu. Aliandika: "Maalim, ule waraka wa siku ile unao bado? Tumekaa na ndugu zangu, tunataka kuusoma pamoja."

Ningaliweza kuutuma kwa kidole. Nikaitafuta nakala ya karatasi, ile iliyosahihishwa, nikaikunja nikaitia mfukoni mwa kanzu, nikavuka kivuko. Mlango wao ulikuwa wazi, na sauti zao nilizisikia kutoka njiani, wa mama huyu na wa mama yule. Nikasimama nje, nikabisha hodi. Na ilinibidi nibishe mara ya pili, kwa sababu walikuwa wakicheka.